Faida na Hasara za Nyumba ya Chini

Jumamosi asubuhi, Mnara alibandua karatasi ya mwezi uliopita kwenye kalenda, akaigeuza upande mweupe, akachora mstari katikati kwa chaki ya kushonea. Kushoto akaandika FAIDA, kulia akaandika HASARA. Kisha akaiweka mezani mbele ya mumewe, karibu na kikombe chake cha chai, akavuta kiti.

"Haya, sema," alimwambia. "Mimi naandika."

Jina la Mnara alilipata siku ya harusi. Alikuwa amempita bwana harusi kichwa kizima, na shangazi mmoja mwenye mdomo alipowaona wakiingia ukumbini alisema, "Jamani, mnara umekuja na mlinzi wake!" Ukumbi mzima ulicheka, bwana harusi akacheka kuliko wote, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mumewe alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na mbili, na watu wote walimwita Fundi, mkewe akiwa mmoja wao.

Sasa Fundi alikuwa amestaafu, magoti yake yamekwisha, na walikuwa wamepanga ghorofa ya tano katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa. Watani hawakukosa la kusema. Fundi mwenyewe aliwajibu kwamba mganga hajigangi, akaliacha hapo. Kwa miezi kumi na minne hakuwa ametia mguu nje. Kaka yake mkubwa alipofariki, watoto wa marehemu walikuja kumbeba kwenye kiti wamshushe hadi chini, naye akakataa katakata, akasema yeye si kabati. Alimzika kaka yake kwa simu, amekaa kitandani, amevaa suti na viatu.

Alichokitaka Mnara kilikuwa kidogo. Miaka yote ya ndoa yao, jioni kabla jua halijatua, walikuwa wakishuka pamoja na kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, yeye akipunguza hatua na Fundi akiongeza zake. Hawakuwa na la maana la kuzungumza. Walikuwa wakisema nani kapaka geti lake rangi mbaya, duka gani limefungwa, mbwa wa nani kazaa. Hilo ndilo alilolikosa, na kulikosa kulimuuma waziwazi. Siku nyingine alisimamisha cherehani katikati ya mshono akakaa tu, mikono magotini, mpaka uchungu upite.

Binti yao aliwashauri kwa simu watafute nyumba kwenye jengo lenye lifti nzima. Baba yake alimcheka.

"Mwanangu, mimi nazijua lifti. Lifti haifi kwa ubovu, inafia kikaoni. Wa chini atasema haimhusu. Wa ghorofa ya kwanza atasema anapanda ngazi kwa ajili ya afya. Wa juu atabaki peke yake anaililia. Nipe nyumba ya chini, nizeeke karibu na mlango."

Basi ndiyo hiyo karatasi. Upande wa faida waliandika: hakuna ngazi. Wateja wa sare wataingia moja kwa moja kutoka barabarani. Kuna kiuga nyuma cha kuanikia nguo. Upande wa hasara waliandika wapita njia kuchungulia, wezi, unyevu ukutani, panya, kelele za pikipiki, na maji machafu ya jengo zima kupita chini ya sakafu yako kabla hayajaenda yanakokwenda. Fundi alitazama upande wa kulia ulivyojaa, akapuliza chai yake.

"Ukitaka cha uvunguni sharti uiname," alisema. "Nenda kaione kwanza. Tusije tukauziwa mbuzi kwenye gunia."

Dalali alimpokea Mnara mbele ya jengo, kwenye mtaa wao uleule, saa nne. Alikuwa kijana mtanashati anayetembea akirudi kinyumenyume ili asikose kumtazama mteja usoni. Jengo lilikuwa na nyumba mbili za chini na ghorofa sita juu yake. Nyumba moja ya chini ilikuwa stoo ya vigae, hakuna aliyeishi humo. Ya pili ndiyo iliyokuwa inauzwa.

Aliyefungua mlango alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke wa miaka sabini na minane, nadhifu, mwenye miwani. Kitasa cha mlango kilikuwa usawa wa kidevu chake. Hakuwa mbilikimo, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama rula. Alikuwa tu amepungua.

"Karibu, mwanangu," alisema, akimtazama Mnara kutoka chini hadi juu, safari ndefu. "Masikini, na wewe ulivyo mrefu hivyo."

Vyumba vilikuwa viwili, safi, na jiko lenye dirisha la kutazama barabara. Mnara aligusa kuta, akafungua mabomba, akanusa pembe za kabati. Hakuna unyevu. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni aliona alama za penseli, moja juu ya nyingine, kila moja na mwaka wake, kama wazazi wanavyowapima watoto. Akatabasamu. Kisha akaona kwamba miaka ya zamani ilikuwa juu na ya karibuni ilikuwa chini.

Mshonaji haachi futi yake nyumbani. Mnara aliitoa mkobani akapima. Alama ya kwanza ya mwalimu, ya miaka thelathini na mmoja iliyopita, ilikuwa sentimita mia moja sitini na nne. Ya mwisho ilikuwa mia moja na kumi na tano. Kando yake kulikuwa na safu nyingine iliyoanzia juu zaidi na kukoma miaka tisa nyuma.

"Hizo za mume wangu," mwalimu alisema. "Jeneza lake tulichukua la mtoto. Lilimtosha vizuri."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Ni uzito wa walio juu, unaona. Jengo hili nguzo zake zilipimwa kwa ghorofa tatu. Mwenye kiwanja akaongeza ya nne, akaongeza ya tano, akaongeza ya sita, akauza, akaenda zake. Uzito uliozidi lazima ukae mahali. Unakaa juu yetu sisi wa chini."

"Kila nyumba ina lake, mama yangu," dalali aliingilia. "Wa juu wanavujiwa na paa. Halafu angalia upande wa pili: kadiri mnavyokaa, ndivyo dari linavyozidi kuwa refu. Nyumba inakua humu humu, bila kibali!"

Mwalimu hakumjali. Alimwonyesha Mnara mwaka wa ghorofa ya tano, aliposhuka vidole vinne kwa mkupuo, na mwaka ambao familia mbili za juu zilisafiri kwa muda mrefu, akarudishiwa nusu kidole. Aliandika barua kumi na moja kwa ofisi ya majengo. Walimpokea kwa heshima, wakainama kumsikiliza, wakampigia muhuri kila barua.

"Mkaguzi huja kila mwaka," alisema. "Anatafuta nyufa, hazioni, anaondoka. Sheria yao inapima nyufa. Watu haipimi. Na hao walio juu siwalaumu, ni majirani wema, tena wana salamu. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Jengo hilo halikuwa na ufa hata wa kupitisha uzi, na kuta zilizidi kujengwa.

Mnara aliuliza kama kuna usalama mtu akitoka. Mwalimu alisema hajui, maana tangu mwenzake aondoke yeye hatoki. Mboga analetewa. Mnara alimwonea huruma, akadhani ni majonzi ya ujane, hakuuliza zaidi.

Aliporudi nyumbani alimweleza Fundi kila kitu, kisha chini ya panya na pikipiki akaandika: kupungua urefu. Fundi hakushtuka. Alikuwa ameishi na uzito miaka thelathini na mbili, alijua kwamba haupotei, unahamishwa tu. Aliuliza ghorofa za juu zina watu wangapi, matangi ya maji ni mangapi, ngazi ni za zege au za chuma. Alihesabu kila mtu kilo sabini na tano kama kibao cha ndani ya lifti kinavyohesabu, watoto nusu. Akajaza nyuma ya karatasi nyingine ya kalenda.

"Mmoja akiwa ndani peke yake anabeba wote," alisema. "Wawili wakiwa ndani wanagawana. Mimi nitakuwa nje kutwa, na wewe uko kwenye cherehani. Kwa hiyo wewe utapungua mara mbili yangu. Baada ya miaka kumi hivi tutalingana."

"Halafu?"

"Halafu utakuwa mlinzi, na mimi mnara."

Walicheka, lakini Fundi alikuwa wa kwanza kuacha. "Hapana, mama," alisema. "Sikubali. Mimi nikae hapa hapa. Dirishani naona kila kitu."

Mnara alikwenda kusimama mbele ya kioo cha wateja. Alikuwa na sentimita mia moja sabini na nane. Alizipenda. Ndicho kitu pekee maishani ambacho hakukitolea jasho: alipewa bure, na kila alipoingia mahali alikiona machoni mwa watu kabla hajasema neno. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha sare ya mtoto wa mtu. Halafu akarudi mezani. Upande wa faida, ambako nafasi ilikuwa bado kubwa, aliandika kwa herufi kubwa: KUTEMBEA JIONI. Akapigia mstari mara mbili.

"Nimekuwa mrefu miaka arobaini," alisema. "Nimeshafaidi. Tununue."

Kiinua mgongo cha Fundi na akiba ya Mnara vilitosha. Siku ya kuhama, Fundi alishuka ghorofa tano kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, akikataa mkono wa kila aliyepita na kumsalimia kila mmoja. Alipofika chini alikaa kwenye jua dakika kumi kabla hajakubali kupanda gari. Suruali yake ilikuwa imetoboka. Mnara alisema hajawahi kumwona amependeza kiasi kile.

Mwalimu aliwangoja mlangoni na sanduku lake. Mpwa wake alikuwa ameshaegesha gari, lakini hakutaka kutoka.

"Ingieni kwanza," alisema. "Nyote wawili. Mkishakaa vizuri, ndipo nitoke."

Waliiona kuwa ni adabu za watu wa zamani. Waliingia, wakakaa. Mwalimu akavuka kizingiti, na pale kando ya barabara mifupa yake ililia kwa kufuatana, akanyanyuka kidole kizima papo hapo. Alipunga mkono bila kutazama nyuma. Ndani, uzito uliwashukia taratibu, kama mkono wa mtu unayemfahamu anapokushika bega.

Siku mbili walipanga vyombo. Siku ya tatu, jioni, Fundi alivaa viatu vyake vya kutokea, akachukua fimbo, akavuka kizingiti bila ngazi, bila kiti, bila mtu wa kumshika. Mnara alifunga mlango, akamfuata. Walitembea. Fundi alisimama kwenye kila geti. Alisimama kutazama shimo la barabarani lililokuwapo tangu zamani akasema limekua. Mnara alimweleza mbwa wa nani kazaa. Walifika mwisho wa mtaa, wakageuka, na jua likawapiga usoni, na Mnara akajiambia kwamba hata kama angeambiwa apungue mpaka awe saizi ya kijiko, asingejuta.

Waliporudi, majirani wote walikuwa barabarani. Mmoja alikuwa amekumbatia redio, mwingine godoro, mwingine sufuria ya chakula ambacho hakijaiva. Ukutani kulikuwa na ufa uliotoka kwenye dirisha la jikoni la Mnara ukapanda hadi ghorofa ya sita, na mahali pengine uliweza kupitisha mkono.

Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mwenye duka la dawa wa ghorofa ya tatu, aliwajia mbio, kisha akakumbuka adabu.

"Jioni njema," alisema. "Habari za matembezi? Tafadhali, ingieni ndani."

Waliingia. Ufa ulijifunga kutoka juu kwenda chini, kama mdomo wa mtu aliyekumbuka kwamba kuna wageni. Majirani walishukuru, wakachukua magodoro yao, wakapanda kulala.

Fundi alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Mnara alipomsogelea aliona kwamba machozi yanamtoka.

"Niliipima ikiwa na mzigo," alisema. "Sikuipima ikiwa tupu. Miaka thelathini na mbili, mke wangu, sijawahi kukabidhi lifti bila kuipima tupu. Ndilo jambo la kwanza unalofundishwa. Hii ya kwetu wenyewe ndiyo nimeisahau."

Mkaguzi wa ofisi ya majengo alikuja baada ya wiki moja, mtu mpole mwenye tochi. Alimulika kuta zote, hakuona ufa. Mnara alimwomba arudi wakati wao hawapo, auone mwenyewe. Mkaguzi alieleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba sheria inataka mwenye nyumba awepo ndani wakati wa ukaguzi. Aliandika kwamba jengo ni imara, tena la mfano.

Kamati ilileta barua iliyoandikwa vizuri, yenye "wapendwa" na "kwa unyenyekevu mkubwa," ikiwaomba kwamba wakati wote angalau mmoja wao awe ndani, kwa usalama wa watoto. Watoto wa jengo hilo walikuwa kumi na tisa. Mnara aliwajua. Muhula ulikuwa unakaribia, na tayari alikuwa na vipimo vyao wote daftarini: mabega, viuno, urefu wa mikono. Angeweza kumkatalia mwenyekiti, na ofisi, na mwenye kiwanja kama angejulikana aliko. Lakini alifungua daftari lile, akapita ukurasa baada ya ukurasa, akalifunga.

Fundi alimpigia dalali kuuliza kama nyumba ingeuzika. "Wateja wapo, mzee wangu, tena wengi," dalali alisema. "Lakini nyie mtapanda ghorofa gani, na magoti hayo?"

Mwaka uliofuata kulikuwa na kikao cha wakazi. Kilifanyika kwenye ngazi, kila familia imesimama upande wa ghorofa yake, na Mnara chini kabisa, peke yake, maana Fundi alikuwa amebaki ndani akisikiliza kupitia mlango ulioachwa wazi. Paa lilikuwa linavuja. Watoto wa juu walikohoa mvua zote. Pesa za kutengeneza hazikuwapo, na njia iliyopatikana ilikuwa kujenga ghorofa ya saba na kuiuza. Mnara aliinua mkono.

"Uzito wake utakaa wapi?" aliuliza.

Watu walitazama viatu vyao. Hakuna hata mmoja aliyependa swali lile, na mama wa ghorofa ya kwanza alijifuta macho. Mwishowe mwenyekiti alisema, kwa sauti ya chini, "Ukuta hauna ufa, mama."

Ilikuwa kweli. Walipiga kura, na kura ya kukataa ilikuwa moja. Baada ya kikao, karibu kila familia ilimletea Mnara kitu: mkate, sabuni, kitambaa cha pazia. Aliwashukuru. Lori la kwanza la matofali lilifika wiki hiyo hiyo.

Siku hizi Fundi hutoka asubuhi. Huenda kwa kinyozi, huenda kaburini kwa kaka yake, hukaa kwenye benchi na wazee wenzake akibishana kuhusu mambo ambayo hakuna anayeyajua. Alasiri hurudi, naye Mnara hutoka. Hutembea hadi mwisho wa mtaa peke yake. Sketi zake zimekunjwa pindo mara ya tatu. Bado hajalingana na mumewe, lakini hawana haja tena ya kusubiri miaka kumi.

Yale anayoyaona njiani huyaweka amwambie Fundi, na Fundi huyasubiri. Mmoja hawezi kutoka kabla mwingine hajaingia, kwa hiyo hukutana kizingitini, kila mmoja mguu mmoja ndani na mmoja nje, na ikiwa hivyo nyumba huwahesabu wawili kuwa mtu mmoja. Waligundua kwamba wanaweza kusimama hapo pamoja, bega kwa bega, wakitazama barabara. Mwanzoni walisimama mpaka giza liingie. Mnara alisema nani kapaka geti rangi mbaya. Fundi alisema atalipaka upya mwenyewe usiku mmoja, watu watafikiri ni malaika.

Tangu ghorofa ya saba iezekwe, nusu mbili za kizingitini hazitoshi tena kwa muda mrefu. Wanapata kama robo saa. Mama wa ghorofa ya kwanza, ambaye jioni huwa anaanua nguo na kuuona ufa ukichipuka, husita kwanza. Huwapa muda kadiri awezavyo, na kuna siku huwapa kuliko inavyofaa. Kisha huinama kutoka dirishani na kusema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Majirani, samahani. Umeanza."

"Haya," Mnara husema. Humshika mumewe mkono, humwachia, huingia ndani.